Kipimo kinasema 62% ya tasnifu yangu ni AI na nimeandika mwenyewe, nifanyeje wakuu?

Mpunga_wa_Bondeni

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kwa anayeyajua haya mambo maana nimefika mahali sielewi nishike wapi.

Nasoma masters chuo kimoja hapa bongo, chuo sitakitaja, mambo ya kilimo. Utafiti wangu ni wa wakulima wadogo wa mpunga kwenye skimu ya Dakawa kule Mvomero, wanagawanaje maji kiangazi, nani anafunguliwa kwanza na nani anabaki na majaruba makavu. Data nimekusanya kwa miguu yangu. Nimetembea kwenye matuta na dodoso mkononi, kuna mzee nilikuwa namsomea swali kwa Kiswahili yeye anajibu huku ameinama anang'oa magugu na mimi naandika nimesimama kwenye tope, jioni narudi chumba cha kupanga nageuza majibu kwa Kiingereza. SPSS, ile programu ya takwimu, nimepambana nayo mwenyewe, na sura zote tano nimeziandika mwenyewe.

Sasa supavaiza kaipitisha kazi kwenye programu ya chuo. Kile kipimo cha kufanana na kazi za watu kimetoka 14%, hakina shida. Ila pembeni kuna kipimo kingine cha AI, hicho kimesema 62%. Akanipigia simu, wala hakunifokea, akaniambia tu hii siwezi kusaini, nenda kaandike upya kwa maneno yako. Nikamwambia mwalimu hayo NDIYO maneno yangu. Akanijibu mashine haina sababu ya kukuonea.

Sehemu iliyopigwa rangi karibu yote ni sura ya tatu ile ya mbinu za utafiti na kipande kikubwa cha sura ya pili. Sura ya nne yenye maneno ya wakulima imeguswa kidogo sana.

Mimi ni mtumishi wa halmashauri, ruhusa ya masomo inakaribia kuisha, nikivuka muda nalipa ada ya kuongezewa na kazini nako natakiwa nimeripoti. Nimelia jamani. Kuna mtu limemkuta hili akatoka? Na hicho kipimo kinapima nini hasa, maana mimi nikikisoma naona kinaniambia mimi siyo mimi.

---

Kijana_wa_Ubungo

Pole sana mkuu. Kuna saiti zinaitwa za kuhumanaizi, unabandika maandishi inayageuza af kipimo kinasoma 0%. Ndio watu wanapitia huko siku hizi, usijitese.

---

Maktaba_ya_Juu

@Kijana_wa_Ubungo huo ushauri utamuua huyu dada/kaka. Mtu kaandika kazi kwa mkono wake, sasa aipitishe kwenye mashine ili ionekane haikuandikwa na mashine? Hapo ndio atakuwa ametumia AI kweli. Na zile saiti zinaharibu kazi, zinabadili istilahi za taaluma kuwa maneno ya ajabu, siku ya kutetea mtahini anauliza hili neno ulilitoa wapi huna jibu. Halafu Turnitin, ile programu ambayo vyuo vingi vinatumia kukagua kazi, tangu 2025 wameongeza kitu cha kunasa maandishi yaliyopitishwa huko. Mpunga usiguse kabisa.

Nafanya kazi maktaba ya chuo, hizi ripoti napita nazo kila siku, ngoja nikueleze taratibu.

Kwanza tenganisha vipimo viwili. Kile cha 14% kinalinganisha maandishi yako na maandishi mengine yaliyopo kweli, kikisema hapa pamefanana kinakuonyesha na chanzo, unaweza kufungua ukaona kwa macho. Hicho ni ushahidi mtu anaweza kuukagua. Cha AI hakina chanzo cha kukuonyesha. Hakuna stoo ya kila ambacho ChatGPT imewaandikia watu ambayo programu inaweza kwenda kuchungulia. Inakisia tu. Inapita neno kwa neno inajiuliza, neno hili lilikuwa rahisi kutabirika hapa au lilikuwa gumu? Sababu yake ni kwamba AI yenyewe inaandika kwa kuchagua neno linaloelekea kufuata. Kwa hiyo ukiandika sentensi iliyonyooka, ya kawaida, yenye maneno ambayo kila mtu angeyategemea pale, unahesabiwa upande wa mashine.

Sasa fikiria sura ya tatu ya tasnifu yoyote ile. Eneo la utafiti liko wapi, muundo wa utafiti ni upi, sampuli imepatikanaje, fomula ya kupata idadi ya kaya, uhalali na uaminifu wa data, maadili. Sote tumefundishwa kuiandika kwa sentensi zilezile, na ukijaribu kuiandika kwa mtindo wako mwenyewe supavaiza anakukatia anasema siyo kitaaluma. Kwa hiyo wala sishangai rangi imejaa hapo na sura ya nne yenye maneno ya wazee wa Dakawa imepona, maana yule mzee hakuna mashine inayoweza kutabiri anachosema.

Na kuna hili ambalo linatuhusu sisi moja kwa moja. 2023 watafiti wa Stanford walichukua insha 91 za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza kwa wageni, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza siyo lugha yao, wakazipitisha kwenye programu 7 za kunasa AI. Kwa wastani zaidi ya 61% ya hizo insha ziliitwa kazi ya AI, wakati ni za binadamu. Insha 18 zilikataliwa na programu zote 7 kwa pamoja, na 89 zilikataliwa na angalau moja. Wakachukua insha za watoto wa darasa la nane wa Marekani, hizo zikapita karibu zote bila kuguswa. Utafiti ulitoka kwenye jarida la Patterns Julai 2023, ukitafuta utaupata, ni wa bure. Sababu ni hiyohiyo, mtu anayeandika lugha ya kujifunza ana maneno machache na anakaa kwenye njia salama ya sarufi. Turnitin haikuwemo kwenye zile 7 na wao wanasema yao haina huo upendeleo, nalisema hili ili ukienda kujitetea usije ukatolewa nje kwa kosa la kusema kitu kisichokuwepo. Ila chanzo cha tatizo ni kilekile.

OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, Januari 2023 walitoa kifaa chao cha kutambua maandishi ya AI. Kwa hesabu yao wenyewe kilikuwa kinanasa 26% tu ya maandishi ya AI na kinamsingizia binadamu 9% ya wakati. Julai mwaka uleule wakakiondoa, wakasema usahihi wake ni mdogo. Waliotengeneza mashine wameshindwa kuitambua sauti ya mashine yao wenyewe, sasa sisi tunamfukuzisha mtu shule kwa namba ya namna hiyo?

Na programu zingine zimewahi kusema Katiba ya Marekani ya 1787 imeandikwa na AI. Kwasababu imesomwa mno na kunukuliwa mno, kila neno lake linatabirika.

Mwisho, hata Turnitin wenyewe kwenye maelezo yao kwa walimu wanasema namba hiyo isitumike peke yake kumchukulia mwanafunzi hatua. Na kama namba iko chini ya 20 hawaionyeshi kabisa, wanaweka nyota, kwasababu hapo makosa yanakuwa mengi. Supavaiza wako sijui kama amewahi kuyasoma hayo maelezo, wengi hawajayasoma, wanaona namba tu kwenye kona.

---

Songoro77

Andika upya tu yaishe, badilisha sentensi, vyuo vyetu ukibishana na supavaiza humalizi. Nasema kwa upendo.

---

Maktaba_ya_Juu

@Songoro77 nakuelewa mkuu lakini akiandika upya amekubali kosa, hilo la kwanza. La pili ataandika upya kwa Kiingereza chake kilekile, kwa sababu hana kingine, na kipimo kinaweza kurudi 55 au 70, hapo atasema nini? Nimeona mtu amefika mahali anaingiza makosa ya grama makusudi ili namba ishuke. Masters! Mtu anaharibu kazi yake mwenyewe ili mashine imkubali. Hilo linaniuma kuliko yote.

---

Mama_Chaki

Nimesoma uzi wote. Mimi ni mwalimu wa chuo na nina wanafunzi wa uzamili, niseme upande wetu kidogo kisha nikusaidie Mpunga, maana nadhani unatoka hapa.

Supavaiza wako anaogopa, na ana sababu ya kuogopa. Kabla ya ChatGPT tulikuwa na stesheneri za nje ya geti, unapeleka mada unalipa unapewa risachi imebaindiwa, watu wamehitimu hivyo na wanajulikana. Tangu Novemba 2022 ile stesheneri imeingia kwenye simu ya kila mtu. Nimepokea sura ya pili nzuri kabisa, Kiingereza kimenyooka, marejeo yana jina la mwandishi, mwaka, jarida la kweli kabisa lipo, toleo na kurasa. Nikabofya DOI ya kwanza, ile linki ya kudumu ya makala, ikanipeleka kwenye makala ya magonjwa ya kuku, wakati mada ni mikopo ya VICOBA. Ya pili haifunguki. Ya tatu mwandishi yupo, jarida lipo, makala haijawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani. Nikamuuliza mwanafunzi akaniangalia tu. Kwahiyo mwalimu akiona kuna namba nyekundu inayomwambia huyu kaiba, anaishika, kwasababu ana tasnifu nyingi mezani, semesta inaisha, na hakuna mtu amewahi kumkalisha semina akamfundisha hii namba inasoma nini. @Maktaba_ya_Juu ni sahihi kwenye kila kitu ila nyie watu wa maktaba mkishusha namba mtuachie na kitu cha kushika, maana wizi upo na ni mwingi.

Mimi nilichoamua ni kuachana na ile namba kabisa na kumkalisha mwanafunzi. Nusu saa, mlango wazi, laptop yake mezani. Namwambia fungua data, nionyeshe dodoso la kaya ya kwanza hadi nione ulivyoiingiza. Kwanini ulichukua vitongoji hivi ukaacha vile? Hapa jedwali linasema wanawake wanalipa ada ya maji mapema kuliko wanaume, wakati unahojiana nao walikwambia sababu gani? Hili rejeo kwanini umelitumia, linasema nini kinyume na matokeo yako? Aliyefanya kazi anaanza kuongea huwezi kumnyamazisha, anakwambia mpaka vitu ambavyo havimo kwenye tasnifu, siku gari lilikwama, mwenyekiti aliyekataa kusaini. Aliyenunua au aliyeandikiwa na AI hafiki dakika ya tano. Sijawahi kuhitaji asilimia.

Kwahiyo Mpunga usiende kwa supavaiza kubishana na 62. Nenda uombe KUHOJIWA. Unamwambia mwalimu naheshimu wasiwasi wako, naomba unikalishe wewe na mwalimu mwingine yeyote wa idara, nije na data yangu yote muniulize. Mwalimu mwenye nia njema hawezi kukataa, na akikataa unaandika barua kwa mratibu wa uzamili ukiipitishia kwake, unaomba hivyohivyo. Barua fupi, ya adabu, isiyomlaumu mtu.

Swali, una nini mkononi? Rasimu za zamani unazo? Uliandikia wapi?

---

Mpunga_wa_Bondeni

Mungu awabariki jamani, mama @Mama_Chaki umenipa pumzi.

Nimeandikia Word ya kawaida kwenye laptop, siyo mtandaoni, kwahiyo ile historia ya Google Docs sina. Ila nina tabia ya kusevu kila rasimu kwa tarehe, nina folda imejaa. Na kila sura nilikuwa namtumia supavaiza kwa imeili anarudisha na masahihisho yake, zote zipo. Dodoso za karatasi zipo kwenye boksi nyumbani, zina matope hadi leo baadhi. Rekodi za sauti za mahojiano zipo kwenye simu. Barua ya kibali kutoka halmashauri ipo na daftari langu la fildi lipo.

Kitu kimoja kinanisumbua na sitaki kuficha, nilitumia programu ya kusahihisha grama kwa sura zote kwasababu Kiingereza changu cha shule ya kata kinajulikana. Kila ikipigia mstari mwekundu nilikuwa nakubali. Hiyo inahesabika AI? Kwenye muongozo wa chuo hakuna mahali pamekataza.

---

Maktaba_ya_Juu

Hizo imeili zenye masahihisho ya supavaiza mwenyewe ni dhahabu. Anachosema umeandikiwa na AI amekisoma kikikua mkononi mwake, sura baada ya sura.

Kuhusu grama, iseme mwenyewe kabla hujaulizwa. Kurekebisha spelingi na nyakati siyo kuandikiwa, na maelfu ya wasomi wanafanya. Ila ujue zile programu siku hizi zina sehemu mbili, moja inasahihisha kosa, nyingine inakuandikia sentensi nzima upya kwa kubofya mara moja. Hiyo ya pili inaweza kupandisha kipimo na kwa haki kabisa, kwasababu sentensi siyo yako tena. Kama ulibaki kwenye mistari myekundu useme hivyo hivyo. Fungua rasimu ya kabla na ya baada ya aya moja tu, waone tofauti ni a na the.

---

Juja_Kando

Salamu kutoka Kenya ndugu zangu. Hii story nimeisoma nikaskia uchungu juu hapa tumeishi nayo sana.

Huku kuna kazi inaitwa academic writing, watu wa Juja, Roysambu, Kahawa wanaijua vizuri, vijana wamemaliza degree, job hakuna, wanaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza asaimenti online wanalipwa kwa ukurasa. Siitetei, Uingereza 2022 wametunga sheria ya kuifanya hiyo biashara iwe kosa kwa upande wa England, na ni sawa. Lakini angalia kilichofanyika. ChatGPT ilipotoka kazi ikapungua vibaya, wateja wengi wakaona wanaweza pata bure. Wale wachache wakabaki wakaanza kudai ripoti ya AI kwa kila paper. Na sasa mtu ameketi usiku mzima ameandika na kichwa chake, ripoti inasema ni AI, mteja anakataa kulipa. Hakuna mahali pa kushtaki.

Kwanini sisi ndio tunashikwa? Juu tulifunzwa Kiingereza cha kitabu. Insha shuleni ilikuwa na kanuni, aya ya kwanza inatangaza, inayofuata inaanza na kiunganishi, misamiati mizito ndio inaleta maksi. Mwalimu alikuchapa ukiandika vile unaongea. Sasa umekuwa mtu mzima unaandika vile ulichapwa uandike, na mashine inasema wewe ni mashine. Na nani alisaidia kufunza hizo mashine? Gazeti la Time Januari 2023 liliandika vile wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma machafu ya mtandao ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Mtu wa Nairobi anatumika kuisafisha, halafu mwanafunzi wa Nairobi anaambiwa anaandika kama hiyo kitu. Hiyo hainiishi kichwani.

Ushauri wangu kwa wengine wanaosoma hapa na hawajaanza kuandika: andikeni kwa Google Docs ama Word yenye iko online kutoka siku ya kwanza, inahifadhi kila badiliko na saa yake. Huku ndio kitu imesaidia watu kulipwa, unamfungulia mteja anaona sentensi ikizaliwa, ikifutwa, ikirudi.

---

BintiTanga_UK

Naongezea kutoka huku Uingereza nasoma mwaka wa mwisho.

Huku walimu walishatoka kwenye kuuliza nani anatumia AI. Taasisi ya HEPI, inayochambua sera za elimu ya juu huku, ilitoa utafiti Februari 2025, wanafunzi 92% wanatumia AI kwa namna fulani, mwaka mmoja nyuma ilikuwa 66%. Chuo Kikuu cha Reading walifanya jaribio lililotoka 2024, wakaingiza majibu yaliyoandikwa na AI mtupu kwenye mitihani ya kufanyia nyumbani ya saikolojia chini ya majina ya wanafunzi 33 wasiokuwepo, wasahihishaji hawajui. 94% ya majibu hayakushtukiwa, na kwa wastani yalipata alama kuzidi za wanafunzi wa kweli. Kwahiyo unaona ilivyo, AI halisi inapita na dada wa Dakawa anakamatwa.

Chuo Kikuu cha Sydney kule Australia wao tangu 2025 wamegawa tathmini njia mbili. Moja mwanafunzi anakaa chini ya uangalizi, mtihani, mahojiano, vitendo, hapo chuo kinahakikisha anajua. Nyingine ni kazi za kujifunzia, AI unaruhusiwa na unafundishwa kuitumia vizuri. Hawajifanyi kwamba wanaweza kuizuia mtu akiwa chumbani kwake. Mimi hii naipenda kwa sababu inamwacha mwalimu afanye ualimu badala ya upolisi.

Na wa karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Cape Town wameacha kutumia alama za AI za Turnitin kuanzia 1 Oktoba 2025. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Marekani walizima tangu Agosti 2023 na hesabu waliyotoa ni rahisi hata mwenyekiti wa kijiji ataielewa: mwaka 2022 walipitisha kazi kama 75,000, Turnitin wenyewe wanasema kosa ni 1%, basi hizo ni kazi kama 750 zinazosingiziwa kwa mwaka mmoja chuo kimoja. Mpunga hiyo hesabu iweke kwenye barua yako.

---

Mzee_wa_Seneti

Yote mnayosema sawa, ila Vanderbilt ina pesa na walimu wa kutosha. Chuo chetu mwalimu mmoja ana darasa la watu 400 mwaka wa kwanza, atamkalisha nani nusu saa? Kwa tasnifu ya masters inawezekana, kwa asaimenti za digrii ya kwanza haiwezekani. Hapo ndipo vyuo vinakimbilia programu.

---

Mama_Chaki

@Mzee_wa_Seneti hapo umegusa penyewe. Kwa wale 400 mimi nimerudisha karatasi. Jaribio la darasani kwa mkono, maksi nyingi ziko hapo, asaimenti ya nyumbani nimeishusha hadi maksi kidogo na nawaruhusu waje na majibu ya ChatGPT wayakosoe, wanionyeshe ilipodanganya. Na huwa inadanganya, hasa ukiiuliza mambo ya hapa. Muulize sheria ya ardhi ya vijiji uone inavyochanganya ya kwetu na ya majirani. Marekani nako mwaka 2025 magazeti yaliandika kwamba vile vijitabu vya bluu vya kufanyia mtihani vimeanza kuuzika tena kwa wingi, yaani na wao wamerudi kwenye kalamu. Siyo suluhisho la kila kitu, mwanafunzi mwenye ulemavu wa kuandika unamfanyaje, na kuandika kwa haraka dakika 50 hakumfundishi mtu kujenga hoja ndefu. Ila angalau simhukumu mtu kwa kisio.

Wizi utakaopita hapo upite. Nakubali mdanganyifu mmoja anipite kuliko kumrudisha nyumbani mtu aliyelima kazi yake kwenye tope. Wengine idarani hawakubaliani na mimi kwa hili na tunabishana kila kikao, lakini sijabadilika.

---

Lugha_Yetu

Nauliza tu, kwanini kazi ya Dakawa iandikwe Kiingereza? Mahojiano Kiswahili, wakulima Kiswahili, watakaofaidika Kiswahili. UDSM pale TATAKI, taasisi yao ya Kiswahili, watu wanaandika tasnifu hadi za uzamivu kwa Kiswahili na kutetea kwa Kiswahili. Kipimo cha AI cha Turnitin kilianza na Kiingereza, wakaongeza Kihispania, wakaongeza Kijapani, Kiswahili hakimo. Huyu ameshtakiwa kwa namna anavyoandika lugha ambayo hata baba yake hakuzungumza naye.

---

Maktaba_ya_Juu

@Lugha_Yetu hoja nzito na inastahili uzi wake. Kwa huyu muda hauruhusu, tumtoe kwanza.

---

Mpunga_wa_Bondeni

Wakuu narudisha mrejesho.

Nilimwandikia supavaiza kama mama @Mama_Chaki alivyoelekeza, sikutaja makosa ya mtu, nikaomba kuhojiwa, nikaambatanisha ule utafiti wa Stanford, hesabu ya Vanderbilt na imeili zake mwenyewe alizonirudishia zenye masahihisho. Nikaeleza na ile programu ya grama na kuweka aya ya kabla na ya baada. Kwanza alikaa kimya nikajua nimeharibu. Jana akanipigia, akasema amesoma, na kwamba yale maelezo ya watengenezaji hakuwa ameyaona. Hajasema anasaini. Amesema atanikalisha yeye pamoja na mwalimu mwingine wa takwimu wiki ijayo, nije na kila kitu, na wakiridhika watamwandikia mratibu kwamba namba ile isizingatiwe.

Nimefurahi na ninaogopa kwa pamoja. Takwimu naiogopa huyo mwalimu ana maswali. Naanza leo kupitia upya kwanini nilitumia kila jaribio nililotumia.

Swali la mwisho, zile dodoso nibebe zenyewe au nitoe kopi? Ni boksi zima na usafiri wangu ni daladala.

---

Mama_Chaki

Beba zenyewe, hata kama ni bajaji ukodi siku hiyo. Kopi haina matope. Zipange kwa kitongoji na uzipe namba zilezile zilizoko kwenye SPSS, akisema nipe kaya ya 37 uitoe hapohapo. Usiwaachie boksi bila kuandikishana, wakitaka kubaki nazo waambie wasaini wamepokea dodoso ngapi na tarehe gani, na kabla hujatoka nyumbani zipige zote picha kwa simu.

Mwalimu wa takwimu atakuuliza kwanini ile sampuli. Jibu kwa Kiingereza chako hichohicho, usitafute kingine.